Herufi kwenye shafti ya gofu: nani anahitaji X, nani anajichosha bure

Kila Kenya Open inapopita, maswali yale yale hurudi kwenye viwanja vya mazoezi, kuanzia Muthaiga hadi Lugalo. Yule bingwa anatumia shafti gani? Ile X kwenye kibandiko maana yake nini? Nikinunua kama yake, mpira wangu nao utafika kule? Ndipo utamsikia mchezaji wa handikapu 20 (namba ya kiwango: ikiwa ndogo, mchezaji ni bora) akitamba kwamba ameweka "X100 ya Tiger", huku mwenzake wa handikapu 12 akiona haya kukiri kuwa fimbo zake ni R, kana kwamba R ni alama ya aliyefeli mtihani.

Mkanganyiko huu una gharama. Shafti moja ya draiva ya kundi la Ventus, la kampuni ya Fujikura, ikinunuliwa peke yake bila kichwa, huuzwa takriban dola 350 za Marekani kabla ya nauli na ushuru. Asiyejua anachonunua anaweza kulipa fedha zote hizo ili apige mpira mfupi kuliko aliokuwa akiupiga jana.

Maneno kwanza

Fimbo ya gofu ina sehemu tatu: kichwa kinachogonga mpira, mshikio wa raba unaokaa mikononi, na kijiti kirefu kinachounganisha viwili hivyo. Hicho kijiti ndicho shafti. Kwenye jembe tungekiita mpini. Draiva kwa kawaida ndiyo fimbo ndefu kuliko zote, ya kuanzia shimo refu. Ayani ni zile zenye namba, na weji ni ayani fupi ambazo uso wake umelala sana ili mpira upande juu.

Shafti ni ya chuma au ya grafiti, yaani nyuzi nyembamba za kaboni zilizoviringishwa pamoja na gundi kisha zikaokwa. Kabla ya hapo zilikuwa mti wa hikori. Chama cha gofu cha Marekani kiliruhusu chuma mwaka 1924, na R&A ya Scotland ikafuata mwaka 1929. Mwaka 1931 Billy Burke akashinda US Open kwa shafti za chuma, na hikori ikaanza kutoweka. Grafiti ilikuja miaka ya 1970, na leo karibu kila draiva duniani ni ya grafiti. Kwenye ayani, wanaume wengi wanaolipwa bado wamebaki na chuma.

Shafti hutofautiana kwa uzito, urefu, ugumu wa kupinda, kiasi inachojisokota, na mahali inapopindia zaidi. Ugumu ndio unaoandikwa kwa herufi. L ni laini kuliko zote, kisha A, R, S, na mwisho X. Hapo ndipo watu huishia kusoma, na hapo ndipo tatizo huanza.

Herufi isiyo na rula

Hakuna chombo chochote cha gofu kinachosema R lazima iwe ngumu kiasi gani. Sheria za vifaa zinataka shafti ipinde sawasawa kila upande utakaoigeuzia, na ijisokote sawasawa kulia na kushoto. Basi. Ugumu wenyewe, kila kampuni inajipimia. Ni kama saizi za mashati ya mtumba: L ya kiwanda kimoja inakubana kifuani, L ya kingine unaogelea ndani yake. S ya kampuni moja inaweza kuwa laini kuliko R ya jirani yake, na ndani ya kampuni moja, S ya gramu 50 na S ya gramu 70 hazifanani hata kidogo zikishikwa mkononi.

Namba zinazofuata herufi nazo zinapotosha. Chukua Dynamic Gold ya True Temper, shafti ya chuma ambayo pengine ndiyo maarufu kuliko zote kwenye ayani. Ipo S200, S300 na S400. Wengi huamini 400 ni ngumu kuliko 300. Si kweli: zote zina ugumu wa S, na namba inaonyesha zilivyotengwa kwa uzito baada ya kupimwa kwenye mizani. Tofauti kati ya moja na inayofuata ni gramu moja au mbili. Kwa mchezaji anayelipwa, anayetaka ayani zake zote zifanane kama maharage ya ganda moja, gramu hizo zina maana. Kwa mchezaji wa Jumamosi ni sawa na kuchagua gari kwa rangi ya viti.

Project X, chapa nyingine ya shafti, hawatumii herufi kabisa. Wana namba kuanzia 5.0 hadi 7.0, ambapo 6.0 hulinganishwa na S. Kwa shafti za draiva utakuta mchanganyiko kama "Ventus Black 6X". Black ni aina ya mpinde, ile inayolenga mpira wa chini. 6 ni kundi la uzito, yaani gramu sitini na kitu. X ni ugumu. Ukijua kuisoma hivyo, nusu ya kazi imekwisha.

Mabingwa wanatumia nini, na kwa nini

Tiger Woods amebeba Dynamic Gold X100 kwenye ayani kwa miaka mingi, shafti ya karibu gramu 130. Mwaka 2000, alipokuwa kwenye kilele chake, hata draiva yake ilikuwa na shafti ya chuma ya X100, yenye urefu wa inchi 43.5 tu. Rory McIlroy amekuwa akitumia Ventus Black 6X kwenye draiva na Project X 7.0 kwenye ayani. Bryson DeChambeau ameenda njia yake: alishinda US Open ya 2020 akiwa na grafiti hadi kwenye ayani, jambo linalotosha kuzika ule usemi kwamba grafiti ni ya wazee na wanawake. Ni kweli grafiti ya zamani ilikuwa laini na ikijisokota ovyo. Ya leo inatengenezwa nzito au nyepesi, ngumu au laini, kadiri mtengenezaji anavyotaka.

Mchezaji wa PGA Tour, mzunguko wa wanaume wanaolipwa Marekani, kwa wastani huzungusha kichwa cha draiva kwa kasi ya karibu maili 115 kwa saa. Tatizo lake si umbali, anao wa kutosha. Tatizo lake ni kwamba kwa kasi hiyo, kosa dogo la uso wa kichwa linaupeleka mpira msituni, na mpira ukizunguka kupita kiasi unapanda juu kama puto na kuuawa na upepo. Kwa hiyo anatafuta shafti inayompunguzia: mpira uende chini kidogo, uzunguke kidogo, na upande wa kushoto usitembelewe. Shafti ngumu na nzito ni breki zake.

Mwanamume wa kawaida wa ridhaa yuko karibu maili 93. Mpira wake mara nyingi hauna urefu wa kutosha angani, na kwa kasi yake anahitaji mpira ukae hewani. Akivaa breki za Rory, anafunga breki kwenye baiskeli inayopanda mlima.

Kama ni lazima umwige mtu, waige wanawake wanaolipwa wa LPGA. Wastani wao kwenye draiva ni karibu maili 95 kwa saa, kasi ileile ya mwanaume wa kilabuni. Wengi wao wanatumia shafti za draiva za gramu 50 na kitu, zisizo na X yoyote, na ukiangalia mpira unavyokwenda mbele katikati ya feawei huwezi kusema wamepungukiwa. Sijui kwa nini hili linawauma wanaume wengi kulisikia.

Shafti inafanya nini hasa

Kuna imani kwamba shafti hufanya kazi kama manati: inapinda nyuma, kisha inafyatuka mbele na kuurusha mpira. Picha hiyo ina chembe ya ukweli, lakini imekuzwa mno.

Unapoanza kushuka, kichwa kinabaki nyuma na shafti inapinda kama fimbo ya kuvulia samaki. Mikono ikifika karibu na nyonga, inaanza kunyooka. Na kitambo kifupi mno kabla ya kugonga, karibu kila shafti, hata X, huwa imepinda kuelekea mbele. Sababu ni kwamba uzito wa kichwa haukai kwenye mstari wa shafti. Uko nyuma yake kidogo, na nguvu ya mzunguko inauvuta uzito huo ukae sawa na mikono. Kichwa kinasukumwa mbele, na ncha yake inashuka chini kidogo.

Mpinde huo wa mbele huongeza mlalo wa uso na kuufunga uso kidogo kuelekea kushoto, kwa mchezaji wa mkono wa kulia. Shafti laini inaongeza zaidi, ngumu inaongeza kidogo tu. Hapo ndipo kanuni ya kilabuni ilipotoka: ngumu mno, mpira chini na kulia, laini mno, mpira juu na kushoto. Ni mwelekeo tu. Mikono ya binadamu hujirekebisha bila kumuuliza mwenyewe, na wapo watu ambao ukiwapa shafti ngumu zaidi wanaizungusha kwa nguvu zaidi, kisha mpira unaenda kushoto kinyume cha vitabu vyote.

Mguso wenyewe kati ya uso na mpira unachukua takriban nusu ya elfu moja ya sekunde. Wakati huo kichwa ni kama kimekatika na kinaruka peke yake. Habari ya mgongano haijapata muda wa kupanda hadi mikononi. Kazi ya shafti imekwisha kabla ya hapo. Kazi yake ilikuwa kukileta kichwa mahali pake, uso ukiwa umeelekea sawa, kila mara.

Na ndiyo maana mwendo wa mpigo una uzito kuliko kasi peke yake. Aliyewahi kubeba maji kwa mzega anajua: mti unapinda na kurudi kwa mdundo wake, na usipooanisha hatua zako nao, ndoo zinamwagika. Wachezaji wawili wanaweza kuwa na maili 95 wote. Mmoja anageuka juu taratibu na kuiachia fimbo ishuke. Mwingine anainyakua kutoka juu kama anayekimbiza nyoka. Wa kwanza anaweza kutulia vizuri na R. Wa pili, kwa kasi ileile, atahitaji S, au abaki na R iliyo nzito zaidi, kwa sababu ule mnyakuo ndio unaoipinda shafti.

Kwa hiyo ukisoma jedwali la kasi, lichukue kama mahali pa kuanzia. Majedwali mengi husema hivi kwa draiva: chini ya maili 75 ni L, 75 hadi 85 ni A, 85 hadi 95 ni R, 95 hadi 105 ni S, kupita hapo X. Mnyakuzi apande ngazi moja, mtulivu ashuke nusu.

Uzito ndio wa kwanza

Ukiniuliza kipi kinawaumiza wachezaji wa ridhaa zaidi, nitasema gramu kabla ya herufi. Na gramu ndizo hazizungumzwi, kwa sababu hazina sifa ya kujivunia.

Fanya hesabu. Mchezaji anayemaliza kwa mapigo 95 hutumia karibu 36 kwenye grini, pale penye shimo, ambako mpira husukumwa tu. Zinabaki kama 60. Ongeza mzunguko mmoja wa majaribio kabla ya kila pigo, unafika 120. Mara 120 anazungusha fimbo, akitembea kilomita kadhaa juani. Ayani yenye Dynamic Gold imebeba shafti ya gramu 130, yenye N.S. Pro 950GH ya Nippon, ambayo pia ni ya chuma, haifiki gramu 100. Gramu 30 mkononi hazisikiki dukani. Zinasikika kwenye shimo la 14, mwili unapochelewa kugeuka, mikono inashuka peke yake, na ayani inachimba ardhi sentimita tano nyuma ya mpira. Mchezaji analaumu mpigo wake, anaenda kufanya mazoezi zaidi kwa fimbo zilezile, na kesho anachoka mapema zaidi.

Nyepesi mno nayo ina adhabu yake. Ukiwa na shafti ya draiva ya gramu 40 na una nguvu za mabega, unapoteza habari ya kichwa kiko wapi, mikono inatangulia, na alama za mpira zinatawanyika uso mzima. Kasi unaweza kuongeza maili moja au mbili, kisha ukazirudisha zote kwa kupiga nje ya kitovu. Wengi wa ridhaa hukaa vizuri kati ya gramu 50 na 65 kwenye draiva, na kati ya 80 na 105 kwenye ayani. Vijana wenye misuli na mpigo mkali ndio wenye haki ya kuulizia 120. Na uzito upande taratibu mkobani: ayani ziwe nzito kuliko draiva, weji ziwe sawa na ayani au zizidi kidogo.

Urefu una hadithi kama hiyo. Draiva nyingi za dukani zina inchi 45.5 hadi 46. Wachezaji wengi wanaolipwa hucheza na fupi kuliko hapo, na tangu 2022 mashindano makubwa yanaweza kuweka kikomo cha inchi 46. Anayecheza mara moja kwa wiki anapewa fimbo ndefu kuliko ya anayecheza kila siku! Kuishika nusu inchi chini ni jaribio la bure. Ukitaka kuikata kabisa, kumbuka kwamba nusu inchi inapunguza uzito wa kichwa unaousikia kwa pointi tatu hivi kwenye mizani ya mpigo, na utahitaji karibu gramu sita za utepe wa madini ya risasi wa kubandika kichwani ili kuurudisha.

Unaponunua za mkono wa pili

Jina kwenye rangi si ushahidi. Baadhi ya draiva zinazouzwa tayari zikiwa zimeunganishwa huja na shafti iliyoandikwa Ventus, rangi ileile, lakini bila neno VeloCore. Hizo hazina muundo ule ule wa ndani kama za kununuliwa pekee, na zinapinda kwa namna tofauti. Si mbovu, kwa mtu wa maili 90 zinaweza hata kumfaa zaidi. Ubaya ni kuzilipia bei ya nyingine.

Shafti iliyotoka kwa mchezaji anayelipwa mara nyingi imekatwa upande wa kichwani, nusu inchi au inchi nzima, ili iwe ngumu zaidi. X iliyokatwa hivyo inabaki imeandikwa X. Uliza imekatwa wapi na kiasi gani. Angalia pia kiungo cha kuchomekea kichwa: cha kampuni moja hakiingii kwenye kichwa cha nyingine. Kwenye ayani, kuna tundu za inchi 0.355 na za 0.370, na shafti nene haiingii tundu jembamba hata ufanyeje.

Ya chuma, ikague pale inapoingia kichwani na kwenye tundu dogo la juu ya mshikio. Kwa walio Dar, Tanga au Mombasa, chumvi ya hewani inakula chuma kutoka ndani, nje kukiwa bado kunang'aa. Ya grafiti, pitisha ukucha kuanzia juu hadi chini. Ukucha ukikwama kwenye mkwaruzo, nyuzi zimekatika. Iweke karibu na sikio, ipinde kidogo. Ikilia kama kikapu cha ukindu, irudishe.

Kuijaribu bila kudanganywa

Tumia kichwa kilekile na mipira ya aina moja. Shafti tatu, mipira kumi kila moja, na usimalize moja yote kabla ya nyingine: piga mitano, badilisha, rudi tena, kwa sababu shafti ya mwisho ndiyo inayopewa mikono iliyochoka. Chora nukta nyuma ya kila mpira kwa kalamu ya ubao mweupe; ukigonga, wino unahamia usoni na kukuonyesha ulipogusa. Futa, endelea.

Kisha tupa mpira mrefu kuliko wote na mfupi kuliko wote wa kila kundi. Ule mrefu ndio unaouza shafti, na hutaupata tena hadi mwezi ujao. Angalia minane iliyobaki imetawanyika upana gani, na alama za wino zimekusanyika au zimezagaa. Kama una namba za rada, kifaa cha kupima mpira unavyoruka, kutoka Nairobi, usizilinganishe na za Dar es Salaam; kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,600 hewa ni nyepesi na mpira unaenda mbali kwa shafti yoyote.

Ukishachagua, kazi ya kuunganisha mpe fundi mwenye kifaa cha kuvutia. Ya chuma ikipashwa moto inaweza kuzungushwa hadi ikatoka. Ya grafiti ivutwe kwa kunyooka. Ikizungushwa ikiwa moto, nyuzi zinapasuka ndani na hutaona kitu hadi ivunjike. Gundi ya kawaida inataka saa 24 kukauka. Fundi akikwambia uipige jioni hiyohiyo, iache ukutani hadi kesho, maana kichwa cha draiva kikichomoka huwa kinatangulia mpira.